Jinsi mwandishi wa Gusii anavyoweza kujijengea jina katika mitandao ya picha

MWANDISHI anayechapisha riwaya au diwani yake akiwa Kisii au Nyamira hukumbana na swali moja siku chache tu baada ya nakala kutoka kiwandani: zitauzwa wapi? Maduka ya vitabu yaliyo karibu naye huweka rafuni vitabu vya shule, Biblia, madaftari na karatasi za mitihani ya majaribio. Kitabu cha hadithi kisichokuwa katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa hupokelewa shingo upande, nakala mbili au tatu, tena kwa sharti kwamba malipo yatafanywa zikishanunuliwa. Zinazosalia hurudi nyumbani zikakaa katika katoni chini ya kitanda, ambako mchwa na unyevunyevu wa milimani huzifikia kabla ya msomaji.

Hali hii haikuzuka jana. Sheria ya Ushuru wa Ziada ya Thamani (VAT) ya mwaka 2013 iliviondolea vitabu msamaha wa kodi na kuvitoza asilimia 16. Kisha, Januari 2018, serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni, hatua iliyowapokonya wenye maduka sehemu kubwa ya biashara yao. Muuza vitabu aliyekuwa akifidia hasara ya riwaya kwa faida ya vitabu vya hisabati hakuwa tena na faida ya kufidia.

Mwandishi ambaye kitabu chake kimeteuliwa kutahiniwa haijui shida hii. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, zilizoteuliwa kusomwa katika shule za upili kuanzia 2022, hazikuhitaji picha wala mtandao ili zifike Nyansiongo au Ogembo. Lakini vitabu vinavyopata bahati hiyo ni vichache mno. Walioachwa nje, nao ndio wengi, hawana budi kumtafuta msomaji mmoja baada ya mwingine.

Kwa hao, mitandao ya kijamii ya picha, hasa Instagram, imekuwa dirisha la duka ambalo hawangeweza kulikodi mjini. Hata hivyo, dirisha si duka. Ukurasa wa picha hauuzi kitabu wenyewe. Unachofanya ni kumthibitishia mtu wa mbali kwamba yupo mwandishi, kwamba anatoka mahali fulani panapojulikana, na kwamba anaendelea kuandika. Uthibitisho huo hujengwa kwa miaka, na katika Gusii una hazina yake ya pekee na hatari yake ya pekee. Hazina ni mahali penyewe. Hatari ni watu wanaopigwa picha.

Mtandao wenyewe

Kupakia picha mtandaoni ili wengine wazione kulianza kabla ya Instagram. Flickr, kwa mfano, ilianzishwa 2004, ila ilihitaji kompyuta na kamera, vitu ambavyo havikuwa vya kila mtu vijijini. Instagram ilizinduliwa Oktoba 6, 2010, na vijana wawili, Kevin Systrom na Mike Krieger, jijini San Francisco, Marekani. Mwanzoni ilitumika kwenye simu za iPhone pekee. Wakenya wengi waliweza kujiunga baada ya Aprili 2012, ilipotolewa programu ya simu za Android. Mwezi huo huo kampuni ya Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni moja.

Kwa mwandishi, mabadiliko machache yaliyofuata ndiyo yenye maana. Agosti 2015 mtandao huo uliacha kulazimisha picha ziwe za mraba. Agosti 2016 ukaongeza sehemu ya picha zinazotoweka baada ya saa 24, na Februari 2017 ukaruhusu chapisho moja kubeba picha hadi 10, idadi iliyofikishwa 20 mwaka 2024. Kuanzia 2023 mwenye ukurasa anaweza kuweka viungo vitano katika wasifu wake. Maelezo yanayoambatana na picha hayawezi kuzidi herufi 2,200, nafasi na alama za uakifishaji zikiwemo, na kiungo kilichoandikwa humo hakifunguki kikiguswa.

Lazima pia isemwe wazi kwamba Instagram si mtandao unaopendwa na kila rika. Walimu wa makamo, wazee wa kanisa na wafanyabiashara wa Keroka hupatikana kwa wingi zaidi WhatsApp na Facebook. Kwa kuwa mitandao hiyo mitatu inamilikiwa na kampuni moja, chapisho la Instagram linaweza kupelekwa Facebook papo hapo bila kazi ya ziada. Anayetafuta wasomaji wa umri wa mwalimu mkuu asiiache njia hiyo kwa sababu tu haina haiba ya ujana.

Jina lenye king'ong'o

Jambo la kwanza ni jina, nalo lina mtego kwa Mkisii. Jina la akaunti katika Instagram hukubali herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini pekee; ritifaa haikubaliki. Kwa hivyo Ong'era, Mong'are na Nyang'au hulazimika kuandikwa bila alama hiyo, na jina linalotamkwa kwa king'ong'o likageuka jingine kabisa machoni pa asiyelijua.

Dawa yake ni kutumia nafasi ya pili, ile ya jina linaloonyeshwa juu ya wasifu, ambayo huikubali ritifaa na ambayo pia hutafutwa na mtandao. Mwandishi aliandike jina lake hapo kama lilivyo kwenye jalada la kitabu, bila kupunguza wala kuongeza. Aidha, kwa kuwa akina Nyaboke, Kemunto, Onyancha na Nyakundi ni maelfu, kuongeza neno "mwandishi" au "mshairi" kwenye jina la akaunti humwondolea msomaji kazi ya kukisia ni yupi kati yao aliyeitunga riwaya aliyosimuliwa.

Wasifu wenyewe hauruhusiwi kuzidi herufi 150. Nafasi hiyo inatosha kutaja kitabu kimoja, mji mmoja na namna ya kukipata. Wengi huijaza kwa vyeo: balozi wa hiki, mwanzilishi wa kile, mshauri wa vijana. Msomaji anayetafuta riwaya hahitaji kujua kwamba mtunzi ni mshauri.

Mahali panapoonekana

Mwandishi wa Nairobi anayepiga picha ya kikombe cha kahawa kando ya kitabu anashindana na maelfu ya wenzake duniani wenye kikombe kama hicho. Mwandishi wa Tabaka, huko Mugirango Kusini, ana kitu ambacho wao hawana: machimbo ya mawe laini meupe na ya waridi, vumbi lake juu ya nguo za wachongaji, na mabeseni ya maji ambamo sanamu husuguliwa kwa msasa hadi zing'ae. Mawe hayo tayari yamelifikisha jina la Gusii mbali. Sanamu ya ndege wa amani iliyochongwa na Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Vivyo hivyo kwa upande wa Nyamira. Mashamba ya chai ya Kebirigo na Sanganyi, ukingo wa Manga ambako mtu huona mji wa Kisii ukiwa chini yake siku isiyo na ukungu, migomba iliyoegemezwa miti ili isianguke kwa uzito wa mikungu: hayo ndiyo mandhari ambayo riwaya ya mwandishi huyo huenda inayasimulia. Picha ikimwonyesha msomaji njia ambayo mhusika aliipita usiku wa kisa, inafanya kazi ambayo tangazo la "kitabu kinapatikana" haliwezi.

Kuna suala la mwanga. Nyanda za Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na aghalabu hunyesha alasiri, ikiandamana na radi. Picha za nje hupendeza zaidi zikipigwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya mawingu kutanda. Simu ya kawaida inatosha. Anayepiga jalada la kitabu aliweke kivulini, karibu na mlango au dirisha, kwa sababu jua kali hulifanya karatasi lenye mng'aro litoe doa jeupe linalofunika jina lake.

Mtu asipotaka kuonyesha uso wake, si lazima. Mkono unaoandika, ukurasa wa mswada uliojaa masahihisho ya kalamu nyekundu, meza iliyo chini ya taa ya sola, vyote ni picha za mwandishi. Mimi, ambaye nimekaa na kalamu nyekundu kwa miaka mingi, nakiri upendeleo: hakuna picha inayonishawishi kwamba mtu ni mwandishi kuliko ukurasa aliouchafua mwenyewe.

Picha zenye uzito zaidi ni za kazi ikifanyika mbele ya watu. Tamasha la Kimataifa la Ushairi la Kistrech, lililoasisiwa na mshairi Christopher Okemwa wa Chuo Kikuu cha Kisii, limewaleta Kisii washairi wa mataifa mbalimbali tangu lilipoanza 2013. Mshairi akipigwa picha akiwasomea wanafunzi au akisikilizwa na wenzake wa ng'ambo, picha hiyo humwambia mchapishaji kwamba mtu huyu ana hadhira. Asiyealikwa tamashani anaweza kuomba saa moja katika shule ya jirani au maktaba, akasoma kurasa mbili, na mtu mmoja akampiga picha kutoka nyuma ya ukumbi, ambako sura za wasikilizaji hazionekani.

Shairi kwenye skrini ya rununu

Washairi wa Kiswahili wana tatizo lao, nalo ni la kipimo. Mshororo wa mizani 16, wenye ukwapi na utao, haukai kwa mstari mmoja katika skrini ya simu. Hukatika popote, na vina vya kati vikapotea. Utenzi wa mizani nane hukaa bila shida. Anayepakia tarbia na aigawe kila mshororo mara mbili, ukwapi juu na utao chini, ili jicho liione pumzi ambayo sikio lingeisikia.

Herufi 2,200 ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Mshororo wa mizani 16 huchukua takriban herufi 40, hivyo ubeti wa tarbia ni kama 160, na maelezo ya chini ya picha yanaweza kubeba beti 12 au 13. Mashairi mengi ya magazetini hayafiki urefu huo. Ni heri shairi liandikwe humo kama maandishi, kuliko kugeuzwa lote kuwa picha, kwa sababu maandishi yaliyo ndani ya picha hayanakiliki kwa urahisi wala hayasomwi vyema na programu zinazowasomea wasioona. Ubeti mmoja tu ndio uwe picha. Uliobaki uwe chini.

Lakini asipakie diwani nzima. Mashindano mengi ya uandishi hukataa kazi iliyokwisha kuchapishwa popote, na kuna wahariri wanaolihesabu shairi lililosomwa na umma mtandaoni kuwa limechapishwa. Kwa riwaya, aya moja au mbili kutoka sura ya kwanza zatosha. Kupiga picha kurasa nzima, moja baada ya nyingine, ni kuwarahisishia kazi wale wanaounganisha picha hizo kuwa faili la PDF na kuligawa katika vikundi vya WhatsApp.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Rupi Kaur, mshairi wa Canada mzaliwa wa India. Baada ya kujipatia wafuasi kwa kupakia mashairi mafupi yenye michoro, alijichapishia diwani ya Milk and Honey mnamo Novemba 2014. Mwaka uliofuata kampuni ya Andrews McMeel ya Marekani ikaichapisha upya, nayo ikauza mamilioni ya nakala. Mfano huo unasisimua, ila usichukuliwe kuwa ramani. Kaur anaandika kwa Kiingereza, kwa soko la Amerika Kaskazini lenye maduka ya vitabu na kadi za benki. Anachoweza kujifunza mshairi wa Suneka ni jambo moja dogo: picha zake zote zilifanana kwa mtindo, kiasi kwamba msomaji alizitambua kabla ya kuliona jina.

Na lugha? Wapo wanaoandika Kiingereza wakidhani ndicho kitakachowavusha, ilhali kitabu wanachouza ni cha Kiswahili. Anayevutiwa na maelezo ya Kiingereza huenda asiweze kukisoma kitabu hicho. Maelezo yawe katika lugha ya kitabu, na salamu au msamiati wa Ekegusii uwekwe pale unapoleta ladha: "Bwakire" ya asubuhi, au neno obokano likiambatana na picha ya zeze hilo la nyuzi nane. Tahajia nayo ichunguzwe. Ekegusii hakina sauti ya l, na hilo hujitokeza katika Kiswahili chetu: mtunzi anayetangaza kwamba kitabu chake kinapatikana "mahari" pote nchini amewaambia wasomaji jambo tofauti na alilokusudia.

Watu walio katika picha

Hapa ndipo mwandishi wa Gusii anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa mahali pengine, kwa sababu maisha ya mtu yanaweza kuwa hatarini.

Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wanawake, waliuawa na umati katika eneo la Kisii kwa madai ya uchawi, na nyumba zao zikateketezwa. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa madai kama hayo huko Marani, Kaunti ya Kisii. Katikati ya matukio hayo mawili yapo mengine ambayo hayakupata nafasi kubwa magazetini. Wanaolengwa kwa kawaida ni wazee, na mara nyingi ni wajane wanaoishi peke yao.

Sasa tuchukulie kwamba mwandishi ametunga riwaya ya kusisimua yenye mhusika mchawi, na kwa kutafuta picha ya kuinadi anampiga ajuza wa jirani, aliyejikunyata kando ya moto, moshi ukimfunika nusu ya uso. Picha ni nzuri. Chini yake anaandika sentensi kutoka kitabuni kuhusu usiku na wanaotembea usiku. Kwa msomaji wa Mombasa hayo ni mapambo ya fasihi. Kwa kijana wa kijiji kile kile anayeitambua nyumba, ni ushahidi. Picha ikishasambazwa WhatsApp bila jina la kitabu, haitabaki nayo ishara yoyote kwamba ilikuwa hadithi ya kubuni.

Kwa hiyo kanuni isiwe na nafasi ya kujadiliwa: mzee yeyote asitumiwe kama sura ya uchawi, hata akikubali, hata akilipwa. Mwandishi wa hadithi za aina hiyo atumie mchoro, kivuli, mlango uliofungwa, au jiwe la Tabaka. Na kama riwaya yenyewe inakemea mauaji haya, basi picha ya shamba tupu itasema zaidi kuliko uso wa mtu aliye hai.

Watoto vilevile wanalindwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha inayomtambulisha ni mojawapo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Desemba ndio mwezi wa sherehe za tohara katika Gusii, na wapiga picha huwa wengi. Ukeketaji wa wasichana ulipigwa marufuku na sheria ya 2011, lakini haujatoweka. Picha ya msichana katika shamrashamra hizo inaweza kumfichua mwathiriwa mbele ya dunia, naye hana uwezo wa kuifuta.

Kwa mama anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili au mchuma chai aliyeinama na kapu mgongoni, idhini ni suala la dakika mbili za mazungumzo. Aelezwe picha itawekwa wapi na itauza nini. Aonyeshwe kabla haijapakiwa. Wengi hukubali, tena kwa furaha; anayekataa apigwe mkono au kapu tu, au aachwe.

Picha za kale zina utata wa namna nyingine. Anayeandika riwaya kuhusu Otenyo, aliyemchoma mkuki afisa wa kikoloni Geoffrey Northcote Januari 1908, atatamani kuweka picha za enzi hiyo. Nyingi zimehifadhiwa na makavazi na vyuo vya ng'ambo, na zilizoenea mtandaoni mara nyingi huwa na maelezo ya uongo: mtu wa jamii nyingine kabisa huitwa shujaa wa Gusii. Picha isiyojulikana chanzo chake isiambatanishwe na jina la mtu wa kihistoria.

Kutoka picha hadi nakala

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, jumla ya takriban milioni 1.87. Sensa iyo hiyo ilihesabu Wakisii wapatao milioni 2.7 nchini kote. Tofauti hiyo ni watu walio Nairobi, Nakuru, Trans Mara na kwingineko, mbali na walio ng'ambo, hasa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako kuna jamii kubwa ya Wakisii kandokando ya jiji la Minneapolis. Hao ndio wanaotazama picha ya ukingo wa Manga kwa macho ambayo mkazi wa Manga hana. Wengi wao pia wana uwezo wa kununua.

Mwandishi akiugeuza ukurasa wake kuwa wa kitaalamu, jambo lisilolipiwa, na akapata wafuasi zaidi ya 100, Instagram humwonyesha wafuasi hao wako miji gani na huingia saa ngapi. Akiona Minneapolis imo, akumbuke kwamba saa mbili usiku ya Kisii ni saa tano au saa sita mchana kule, kutegemea majira. Chapisho la saa hiyo huwakuta wote wawili macho.

Wanaouza wafuasi wa bandia wapo, na bei yao si kubwa. Wafuasi hao hawasomi, na mchapishaji mwenye uzoefu huwatambua haraka: ukurasa wenye wafuasi 20,000 na maoni matatu hujieleza wenyewe. Wafuasi 300, wakiwemo walimu 40 wa Kiswahili, wana thamani kubwa kuliko umati huo. Wala hakuna haja ya kupakia kila siku. Picha moja au mbili kwa wiki, kwa miaka mitatu, hujenga zaidi kuliko picha 30 za wiki ya uzinduzi zikifuatwa na kimya cha mwaka mzima. Bando la intaneti nalo halinunuliwi kwa majani ya migomba.

Mauzo yenyewe hufanyika nje ya picha. Kiungo cha kwanza katika wasifu kimpeleke msomaji moja kwa moja mahali pa kuagiza: ukurasa wa muuza vitabu mtandaoni, au WhatsApp ya biashara. Malipo yapitie nambari ya Till ya M-Pesa badala ya nambari ya simu ya nyumbani, ambayo ikishatangazwa hadharani hualika matapeli. Bei itajwe pamoja na gharama ya kuituma nakala, na siku za kutuma zitajwe pia, kwani vifurushi vinavyotoka Nyamira kwa matatu au basi huhitaji mtu wa kuvipokea kituoni. Msomaji akituma picha yake akiwa na kitabu, iwekwe ukurasani kwa idhini yake. Hakuna sifa ambayo mwandishi anaweza kujipa itakayoifikia hiyo.

Umiliki na usalama

Anayepakia picha Instagram habadilishi umiliki wake. Hutoa leseni kwa kampuni kuitumia katika huduma zake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha nchini Kenya hulindwa kwa miaka 50, na kwa kawaida haki ya kwanza ni ya aliyeipiga. Jalada lililochorwa na msanii wa kukodiwa, picha ya mwandishi iliyopigwa studioni, muziki wa obokano uliowekwa katika video fupi, kila kimoja kina mwenyewe. Makubaliano ya matumizi ya mtandaoni yaandikwe mapema, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili, na jina la mpigapicha litajwe katika maelezo.

Ukurasa wenyewe unaweza kupotea. Wadukuzi huwaandikia waandishi wakijifanya mawakala wa tuzo au wafanyakazi wa Instagram, wakiomba tarakimu za siri zilizotumwa kwa simu. Anayezitoa huamkia ukurasa wake ukitangaza biashara ya sarafu za kidijitali. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe siku ile ile akaunti inapofunguliwa, nao uhusishwe na laini ya simu ambayo mwandishi hataiacha. Katika mipangilio kuna sehemu ya kupakua nakala ya kila picha na maelezo yaliyowahi kuwekwa. Ipakuliwe angalau mara moja kwa mwaka, ihifadhiwe mahali pamoja na miswada, na orodha ya anwani za wasomaji walioagiza vitabu iandikwe katika daftari la kawaida.